UMEME VISIWANI: ASILI YA GHARAMA NA NJIA YA KUZIPIMA

Wananchi wa Goziba na visiwa jirani vya Wilaya ya Muleba wanakumbushwa kwamba gharama ya nishati ni sehemu ya gharama ya uvuvi. Kila shilingi inayoteketea katika mafuta hupunguza kipato kinachofika nyumbani kutokana na dagaa na sangara. Kwa hiyo yafaa kila kaya na kila mwenye chombo afahamu anacholipia.

Umeme hupimwa kwa uniti. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Ili kupata matumizi, wati za kifaa huzidishwa kwa saa za kutumika, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000. Taa ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia uniti 9 kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana na huo, hutumia uniti 1.35 tu kwa muda huo huo.

Kwa upande wa bara, mji wa Bukoba kwa miaka mingi umepokea umeme kutoka Uganda kupitia Kyaka. Nyaya hizo hupita juu ya nguzo. Kuvuka maji mapana huhitaji kebo ya chini ya ziwa, ambayo gharama yake ni kubwa mno kwa wateja wachache. Ndiyo sababu visiwa vingi hutegemea jenereta au nguvu za jua. Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kilipata mtambo mdogo wa jua mwaka 2016.

Lita moja ya petroli ina nishati ya joto ya takriban uniti 9, lakini jenereta ndogo hutoa umeme usiofikia uniti 3. Sehemu iliyobaki hupotea kama joto. Jenereta ikiwashwa kwa taa mbili tu, bado hula mafuta ili kuzungusha mashine yenyewe. Juu ya hayo, bei ya mafuta kisiwani hubeba nauli ya boti.

Bei hizo pia hubadilika kwa sababu za mbali. Bajeti ya mwaka 2011/12 iliongeza ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchanganyaji wake na dizeli, na watumiaji wa karabai na vibatari wakaguswa. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei duniani, hata Serikali ikatoa ruzuku ya mafuta kuanzia mwezi Juni.

Wananchi wanashauriwa kusoma wati za kifaa kabla ya kukinunua, kuchangia jenereta moja inapowezekana badala ya kila nyumba kuwasha yake, na kuandika lita zinazotumika kila wiki. Aidha, jenereta isiwashwe kamwe ndani ya chumba, kwani moshi wake huua.