Je, Wajua? Lenzi Kongwe na Maua ya Mitofaa

Je, wajua kwamba lenzi ya kamera iliyotengenezwa zaidi ya nusu karne iliyopita yaweza, katika bustani ya mitofaa iliyochanua Ulaya majira ya kuchipua, kuipa picha haiba ambayo wasanifu wa lenzi za kisasa hujitahidi kuiondoa?

Mfano mashuhuri ni Helios 44-2, lenzi ya milimita 58 iliyoundwa katika Muungano wa Kisovieti kwa kufuata Biotar, lenzi ya Carl Zeiss ya mjini Jena, Ujerumani. Tundu lake likifunguliwa wazi kabisa, hadi f/2, ua lililolengwa katikati hudhihiri bayana, ilhali majani na nuru ya nyuma huonekana kana kwamba yanalizunguka. Sababu ni kwamba miale iingiayo kwa mshazari hukatwa na kingo za lenzi, na kwa hiyo vidoa vya nuru, vilivyo duara kamili katikati, hubanwa pembeni vikajipanga kuzingira kitovu cha picha. Tundu likifinywa hadi f/5.6, athari hiyo hutoweka.

Atakaye kuipata na alikaribie ua hadi umbali wa nusu mita, ambao ndio ukomo wa ukaribu wa lenzi hii, achague usuli wa matawi yapenyezayo mwanga, ulio mbali kwa mita kadhaa, kisha alenge kwa mkono na kungoja upepo utulie, kwani kwa umbali huo tawi likitikisika kidogo tu, ua hupoteza ubayana wake.