Je, Jina Lako Limo Katika Biashara?

Akina mama wengi tunafungua duka alfajiri na kuhesabu mauzo jioni. Tukiulizwa mshahara wetu tunajibu, "Biashara ni yetu." Neno hilo ni jema nyumbani, lakini mbele ya sheria huulizwa jina lililoandikwa.

Hapa Tanzania biashara husajiliwa BRELA. Ikiwa baba amesajili jina la biashara peke yake, mwenye biashara ni yeye, na madeni yake yaweza kufuata hata mali yake binafsi. Kampuni ni tofauti. Wenyewe ni wale walioandikwa katika daftari la wanahisa, na kwa kawaida hasara yao haizidi thamani ya hisa zao. Lakini mama, ukitia sahihi kuudhamini mkopo wa benki, kinga hiyo haitakufaa.

Basi, yafaa kazi yako ilipwe kwa hisa? Yafaa, ila tuelewe kodi. Mshahara hukatwa kodi kila mwezi, hata kama anayelipwa ni mke wa mwenye kampuni. Hisa ulizopewa kuwa ujira nazo huhesabiwa kuwa pato la kazi kwa thamani yake. Baadaye, kampuni ikisha kulipa kodi ya faida, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30, gawio lako hukatwa kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 10.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo mchango huo hubidi kuthibitishwa, na mashahidi wa kazi ya miaka 20 ni shida kuwapata. Tena, mume akifariki, hisa zake huingia katika mirathi. Zako hubaki zako.

Kwa hiyo tuketi na waume zetu wakati wa amani, si wakati wa ugomvi wala msiba. Tuulize: Biashara imesajiliwa kwa jina la nani? Hisa zangu ni ngapi? Hati iko wapi? Kisha twende pamoja kwa mwanasheria na mhasibu kabla ya kuandikisha lolote. Kuuliza hivyo si kumshuku mume; ni kuwatunza watoto.