Mtindio wa Ubongo: Kuongea Kunaanzia Kwenye Mlo

Mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo akifika kliniki, swali lake la kwanza huwa hilo hilo: "Daktari, ataongea lini?" Nami kabla ya kujibu humwuliza: mtoto anakulaje?

Midomo, taya, ulimi na koo hutumika kumeza na kutamka vilevile. Ubongo ukiumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo, labda kwa kukosa hewa uzazi ulipokuwa mgumu, kwa manjano kali isiyotibiwa au kwa homa ya uti wa mgongo, unashindwa kuiongoza misuli hiyo barabara. Udenda hutiririka, chakula humpalia, maneno hutoka mazito au hayatoki kabisa. Ulimi wenyewe ni mzima. Kumkata udata, ule utando wa chini ya ulimi, kwa sababu hiyo ni kumtia kidonda bure.

Sasa tazama mlo wa jioni katika kaya za huku Mtumba, Dodoma. Mtoto wa miaka minne amelazwa chali mapajani pa bibi yake, shingo imerudi nyuma, uji mwepesi wa uwele unamiminwa mdomoni. Akilazwa hivyo, ni rahisi uji kupita njia ya hewa na kuishia mapafuni. Nimonia inayomrudisha wodini kila mara huenda chanzo chake ni hapo. Bibi hana kosa, hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Mtoto aketishwe wima, mgongo uegemezwe, nyayo zikanyage kitu, kidevu kiinamie kidogo kifuani. Uji uwe mzito kiasi. Ugali wa mtama upondwe ndani ya mlenda mpaka uwe laini, alishwe kwa kijiko kidogo, na asiongezwe kabla hajameza. Akiendelea kukohoa kila mlo, aonwe na mtaalamu haraka.

Kumeza vizuri si ahadi kwamba ataongea. Wapo watakaoongea kwa kueleweka, wapo watakaoeleweka na watu wa nyumbani tu, na wapo ambao hawatatamka neno. Wote wana la kusema. Kwa hiyo mlo huo huo ndio darasa. Shika kikombe cha maji mkono mmoja na bakuli mkono wa pili, usawa wa macho yake. Vitaje, kisha nyamaza. Subiri zaidi ya unavyodhani inatosha, maana mwili wake unachelewa kutii. Akikitupia jicho kikombe, amejibu: mpe maji papo hapo. Akizoea, chora picha kwenye kipande cha boksi: maji, choo, inauma, nataka, sitaki. Kama nyumbani mnaongea Kigogo, zitajeni kwa Kigogo.

Wazazi wengi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kuongea. Utafiti hauonyeshi hivyo. Baadhi ya watoto huongeza maneno baada ya kuzoea picha. Na asiyetamka hakosi nafasi duniani: Lee Ridley wa Uingereza, mchekeshaji mwenye mtindio wa ubongo ambaye husemewa na mashine, alishinda shindano la vipaji la Britain's Got Talent mwaka 2018.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni haba mno kwetu. Makerere, Uganda, ilianza kuwafundisha mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho sasa kina shahada ya usikivu na tiba ya usemi. Kusomesha peke yake hakutoshi kama mhitimu hana kituo cha kazi karibu na mtoto. Ofisi za Wizara ya Afya ziko hapa hapa Mtumba, jirani na kaya ninazozisema. Ombi langu kwao ni ajira ya mtaalamu wa usemi katika kila hospitali ya mkoa. Nawe mzazi, usingoje siku hiyo: mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu, mwambie akufundishe kumketisha.