Serikali ilipojiondoa majoshoni, mzigo ulimwangukia mfugaji mdogo

KWA wafugaji wa viungani mwa Kitale na vijiji vya Bungoma, siku ya josho ilikuwa desturi ya kila wiki. Ng'ombe waliogeshwa katika maji yenye dawa ya kuua kupe, ambao hueneza ndigana kali, maradhi yanayoua hasa ng'ombe wa maziwa wa asili ya kigeni.

Katika miaka ya 1970, serikali ilichukua usimamizi wa majosho mengi ya jamii nchini. Aidha, tangu 1966 kulikuwa na huduma ya taifa ya uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizohifadhiwa. Mfugaji alilipa ada ndogo mno, gharama kubwa ikibebwa na fedha za umma.

Mambo yaligeuka miaka ya 1980 na 1990. Chini ya mpango wa marekebisho ya kiuchumi uliohimizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani (IMF), serikali ilitakiwa kupunguza matumizi. Ubinafsishaji wa uhimilishaji ulianza 1991, nayo majosho yakaachiwa kamati za wafugaji.

Hoja ilikuwa kwamba anayefaidi hana budi kulipa. Kwa uhimilishaji, hoja hiyo ina mashiko kiasi, kwani ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hata hivyo, mhudumu wa kibinafsi hufuata wateja wenye fedha na walio karibu na barabara. Mwenye ng'ombe mmoja hubaki akitegemea fahali wa jirani.

Josho ni tofauti. Hujazwa maji na dawa kiasi kile kile, wapite ng'ombe kumi au mia tatu. Baadhi wakiacha kulipa, ada huwapanda waliosalia, nao wakishindwa, dawa hutiwa kidogo isiue kupe, au josho hufungwa. Anayenyunyizia ng'ombe wake dawa nyumbani naye hasalimiki, kwani kupe wa mifugo isiyoogeshwa humngoja malishoni.

Ndivyo majosho mengi nchini yalivyokauka.

Tangu 2013, chini ya Katiba ya 2010, udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni jukumu la kaunti, zikiwemo Trans Nzoia na Bungoma. Kwa wanaopanga bajeti, swali la kujiuliza kabla ya kuondoa fedha za umma ni hili: mmoja akishindwa kulipa, ni nani mwingine atakayepoteza ng'ombe?