Kabla ya Kivuli, Tazama Mizizi

Mji wa Same uko upande mkavu wa Upare. Mawingu ya Bahari ya Hindi humwaga mvua yake kwenye miteremko ya mashariki na juu kule Shengena, kilele cha mita 2,462 ndani ya msitu wa Chome. Yakivuka kuja huku, hayana kitu. Ndiyo maana anayejenga Same huwaza kivuli kabla ya kupiga lipu, na mti wa kwanza kumjia akilini ni mwarobaini. Chaguo hilo naliunga mkono. Linaloniumiza ni kuuona umepandwa hatua mbili kutoka ukutani, au kando ya shimo la choo.

Miaka ikipita, mti unaanza kusumbua ukuta na mwenye nyumba anaukata. Kisiki kinachipua. Mara machipukizi mengine yanatokeza mbali na kisiki, nawe ukidhani ni mbegu zilizoanguka, fukua: yameota kwenye mzizi.

Bingwa wa tabia hii ni aspeni, mti wa Marekani Kaskazini. Kule Utah upo msitu wa hekta 43, uitwao Pando, ambao mashina yake yote yametoka kwenye mizizi ya mti mmoja. Shina likiwa zima hupeleka mizizini homoni inayozuia machipukizi. Likikatwa, kizuizi kimeondoka. Kwa hiyo, hata kwa mwarobaini, panga halitoshi. Fuata chipukizi hadi kwenye mzizi, ulibandue likiwa bado changa, na usilime kwa jembe karibu na mti, kwani mzizi uliojeruhiwa nao huchipua.

Mimi ningeacha mita 6 au zaidi kutoka ukuta, choo na tangi la maji. Panda mvua zinapoanza, katika shimo la sentimita 60 lenye samadi iliyooza. Weka matandazo, lakini yasiguse shina, maana mchwa hawachelewi. Zungushia miba dhidi ya mbuzi. Mbegu za mwarobaini hazikai: ziatike zikiwa bado mpya.

Kwa walio juu milimani, Mbaga au Mamba, penye kahawa na migomba, mringaringa unafaa zaidi. Majani yake huanguka na kurutubisha shamba, nyuki hupenda maua yake meupe, na mbao zake hutengeneza samani nzuri. Mkaratusi usiusogeze karibu na chemchemi wala ndiva, yaani bwawa dogo la kumwagilia mashamba; unakunywa maji mengi, na wanaoyasubiri ni wenye mashamba ya chini.