Majilio: Kungojea ushindi uliokwisha kupatikana

Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, makanisa yanayofuata mapokeo ya Magharibi, wakiwemo Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana, huanza kipindi cha Majilio. Ni majuma yapatayo manne ya kujiandaa kwa sikukuu ya kuzaliwa Yesu Kristo. Katika majuma hayo waumini huambiwa mara kwa mara kwamba wema umeushinda uovu. Hata hivyo, habari za vita, njaa na dhuluma wanazozisikia siku hizo hizo zaonekana kusema kinyume.

Je, Wakristo wana maana gani wanaponena kwamba wema umekwisha kushinda?

Ujio zaidi ya mmoja

Majilio maana yake ni ujio. Neno hilo lasimama mahali pa neno la Kilatini adventus, ambalo katika dola ya Kirumi lilitumika pia kwa kuwasili kwa mtawala mjini kwa heshima na shangwe. Wakristo walilichukua neno hilo la wakubwa wakalitumia kwa mtoto aliyezaliwa katika ufukara na kulazwa horini.

Wengi hudhani kwamba Majilio ni maandalizi ya Krismasi peke yake. Kumbe masomo ya Jumapili ya kwanza hayaanzii Bethlehemu. Yanazungumzia mwisho wa nyakati na wajibu wa kukesha. Katika karne ya 4, Askofu Sirili wa Yerusalemu alifundisha kwamba Kristo ana ujio mara mbili: wa kwanza katika unyonge, na wa pili katika utukufu. Katika karne ya 12, mtawa Bernardo wa Clairvaux alitaja ujio wa tatu, ulio katikati, ambao ni kuingia kwa Kristo katika moyo wa mwanadamu.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo lote. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, ushindi wa wema una mwanzo uliokwisha kutokea na una ukamilifu ambao bado unangojewa. Mkristo anaishi baina ya hayo mawili, na Majilio ndicho kipindi cha kuikumbuka hali hiyo.

Nuru inayoongezeka pamoja na giza

Alama ijulikanayo sana ya kipindi hiki ni shada la majani mabichi lenye mishumaa minne. Desturi hiyo ilianzia mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akiendesha makao ya watoto maskini, alichukua gurudumu la mkokoteni akapanga juu yake mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za kawaida. Leo imesalia ile minne, na kila Jumapili huongezwa mmoja unaowashwa.

Katika Afrika Mashariki, ambako Desemba ni mwezi wa jua kali, maana ya mishumaa hiyo yaweza kupita bila kutambuliwa. Lakini mjini Hamburg au London, mwezi huo jua huzama mapema kabisa alasiri, na usiku huzidi kurefuka hadi karibu na Krismasi. Kwa hiyo, kadiri mishumaa inavyoongezeka, ndivyo na giza la nje linavyoongezeka. Shada halidai kwamba giza limekwisha. Linaonyesha tu kwamba nuru imeanza kuwaka wakati giza lingalipo.

Aidha, mapokeo ya Kikristo hayaoni wema na uovu kuwa nguvu mbili zilizo sawa. Mtakatifu Augustino, aliyekuwa Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alifundisha kwamba uovu hauna asili yake wenyewe. Ni upungufu wa wema, mfano wa giza lilivyo upungufu wa nuru. Kutokana na mtazamo huo, uovu waweza kujeruhi na hata kuua, lakini hauwezi kuwa na neno la mwisho.

Majilio gerezani

Mafundisho hayo yalijaribiwa kwa ukali katika gereza la Tegel mjini Berlin wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri aliyeupinga utawala wa Hitler, alikamatwa Aprili 1943. Katika barua ya Novemba mwaka huo alilinganisha maisha ya mfungwa na Majilio: mtu hungoja na kutumaini, ilhali mlango wafunguliwa kutoka nje tu.

Mwaka uliofuata aliletwa katika gereza hilo padre Mjesuiti, Alfred Delp, aliyekuwa katika kundi lililotafakari namna Ujerumani itakavyojengwa upya baada ya utawala huo kuanguka. Akiwa na pingu mikononi, Delp aliandika tafakari za Majilio juu ya vipande vya karatasi, vikatoroshwa nje pamoja na nguo za kufuliwa. Tarehe 8 Desemba 1944, katikati ya Majilio, aliweka nadhiri zake za mwisho humo humo gerezani.

Padre Delp alinyongwa Plötzensee tarehe 2 Februari 1945. Hakimu aliyemhukumu, Roland Freisler, aliuawa kesho yake katika shambulio la ndege za Kimarekani. Pengine wapo ambao wangeliita tukio hilo ushindi wa wema. Lakini ushindi unaofundishwa na Majilio si kisasi, wala haupimwi kwa kuhesabu nani alitangulia kufa.

Baina ya tarehe mbili

Mwaka 1946, mwanateolojia Oscar Cullmann alitoa kitabu alichokiandika vita vikiwa bado fikirani mwa kila mtu. Alieleza kwamba pigano la kuamua hatima ya vita laweza kupiganwa mapema, na bado vita vikaendelea hadi siku ya ushindi. Kwake, kuja kwa Kristo, kufa kwake na kufufuka kwake ndilo pigano hilo. Siku ya ushindi ingali mbele.

Wafafanuzi wengi huueleza mfano huo kwa kutaja majeshi ya washirika yaliyotua Normandy tarehe 6 Juni 1944, na vita kumalizika Ulaya tarehe 8 Mei 1945. Delp aliuawa baina ya tarehe hizo mbili. Bonhoeffer naye alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, mwezi mmoja tu kabla ya amani. Hatima ya vita ilikuwa imekwisha kuamuliwa, lakini kwao mlango wa gereza haukufunguliwa.

Injili zenyewe hazilifichi jambo hilo. Yohana Mbatizaji, ambaye habari zake husomwa Jumapili ya pili na ya tatu ya Majilio, alitupwa gerezani, akatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu kama kweli yeye ndiye aliyetazamiwa. Jibu lilikuwa kuhusu vipofu wanaoona na maskini wanaohubiriwa habari njema. Yohana hakufunguliwa, alikatwa kichwa.

Kwa hiyo, kungojea kunakodaiwa na Majilio si kukaa kitako. Ni kutenda haki kana kwamba ushindi umekwisha kuwa kamili, hali mtu ajua kwamba huenda yeye mwenyewe asiuone. Leo, karibu na Plötzensee, limesimama kanisa la Maria Regina Martyrum, lililowekwa wakfu mwaka 1963 kwa ukumbusho wa waliouawa kwa ajili ya imani na dhamiri kati ya mwaka 1933 na 1945. Chumba walimonyongewa wafungwa wa Plötzensee nacho kimehifadhiwa, na yeyote atakaye kukizuru aweza kuingia.