Futikamba kabla ya ndoo

Mvua zikishakatika, hapa Mbeya na kwa jirani zetu wa Iringa huanza msimu wa kupaka nyumba rangi. Wengi wetu humwuliza fundi, "Ndoo ngapi?" Mimi nasema tuanze na futikamba.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za kimo cha mita 3. Mzunguko wake ni mita 14. Zidisha kwa 3, upate mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha mawili, kiasi cha mita 5. Zinabaki 37. Kwa mikono miwili ni 74.

Sasa soma kopo. Tuseme limeandikwa lita 1 kwa mita 10. Unahitaji lita 7 na nusu, yaani galoni mbili za lita 4. Anayenunua ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho ataacha fedha za mbolea zikikaukia stoo.

Lakini kipimo cha kopo ni cha ukuta laini. Plasta mpya yenye mikwaruzo hunywa rangi. Lita moja ikiishia mita 7, utahitaji galoni tatu.

Na rangi ya kuchanganywa dukani inunue yote siku moja. Ukirudi baadaye, huenda isifanane, na ukuta ukawa na kiraka.

Fundi mzuri hachukii hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.